Kilomita 10 za tope chini ya bahari ya Lamu: nani alilibeba, na je, lina mafuta?

"Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni nahodha, navua kati ya Malindi na Kipini, huu mwaka wa ishirini na ushee. Mwanangu anasoma chuo Nairobi, na likizo hii katuambia kwamba chini ya bahari, kuanzia hapa kwetu hadi Lamu, kuna mashapo, yaani tope na mchanga uliotua, ya unene wa kilomita 10, na mengine ni ya bahari ya kina kirefu. Sijamwelewa. Tope la mto Sabaki nalijua, linaishia hapa hapa, linatuchafulia maji na kujaza ufuo. Ukishavuka mwamba bahari inaporomoka, mshipi haufiki chini. Nani alilibeba hilo tope hadi huko? Sheikh mmoja ametuambia ni gharika ya Nabii Nuhu. Isitoshe, kuna dalali amefika kwenye shamba letu la urithi upande wa Marafa. Ameona maji ya kisima yana utando unaong'aa kama mafuta, anasema shamba liko juu ya bonde la Lamu lenye petroli, na kwamba tutoe pesa ya kupimiwa kabla wengine hawajatuwahi. Nifanye nini?"

Waaleikum salaam nahodha, na shikamoo. Nianze na la mwisho kwa sababu lina haraka: usimpe dalali huyo hata shilingi moja, wala usitie sahihi karatasi yoyote. Sababu zake nitazieleza huko mbele, na zitaeleweka vizuri zaidi tukishajua hilo tope lilifikaje lilipo.

Swali lako kuhusu nani alilibeba si la mtu asiyesoma. Ni swali lile lile lililowasumbua wanajiolojia hadi miaka ya 1950. Walikuwa wakivuta sampuli kutoka vilindi vya bahari na kukuta mchanga wa kawaida, mchanga wa ufukweni, mahali ambapo hakuna mawimbi wala mto. Wote walijua, kama ujuavyo wewe, kwamba mchanga hauelei. Basi ulifikaje?

Kwanza neno lenyewe, bonde, linatupotosha. Ukisikia bonde unafikiria Bonde la Ufa, mahali unaposimama ukingoni ukaona shimo. Bonde la Lamu ni bakuli lililokwisha kujazwa. Sehemu yake moja iko nchi kavu, sehemu kubwa iko chini ya maji, na ukiwa juu yake huoni chochote ila mchanga, mikoko na bahari. Shamba lenu liko karibu na ukingo wa bakuli hilo, si katikati.

Sasa fikiria hesabu hii. Huko nje, mteremko ukiisha, bahari ina kina cha kilomita 3 au 4 hivi. Mashapo yana unene wa kilomita 10, na sehemu nyingine zaidi. Kilomita 10 zinaingiaje kwenye chombo chenye kina cha 4? Mwanao alikwambia unene, hakukwambia nafasi ilitoka wapi, na kwangu mimi hilo ndilo la ajabu zaidi kuliko tope lenyewe.

Nafasi ilitokana na kuachana. Zamani Madagaska ilikuwa imeshikana na pwani hii, Somalia na Kenya zikiwa jirani zake. Kabla ya kuachana, nchi ilivutika na kukonda, ikafanya mabonde yaliyojazwa na mito na maziwa. Mawe ya Mazeras ambayo watu hupangia ukuta na kutandaza uani ni mchanga wa zama hizo, na hayana bahari ndani yake. Kisha, kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, Madagaska ikaanza kuondoka kuelekea kusini, ikaendelea hivyo hadi miaka milioni 120 hivi iliyopita. Nyuma yake bahari ikaingia. Ukienda Miritini na Changamwe, nyuma ya Mombasa, utakuta mwamba wa tope mweusi unaobanduka kama kurasa za kitabu, na ndani yake masalia ya amonaiti, wanyama wa bahari wenye gamba lililojiviringa, ambao walishatoweka duniani. Hiyo ndiyo salamu ya kwanza ya bahari ya wazi kwenye mwambao wetu.

Mwamba uliovutika namna ile huwa na joto jingi, na unapopoa unakuwa mzito na kuzama polepole kwa mamilioni ya miaka. Halafu linakuja jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Jahazi likipakiwa boriti linazama, na mstari wa maji unapanda ubavuni. Sakafu ya bahari nayo iko hivyo hivyo, kwa sababu chini yake mwamba wa joto kali huachia taratibu sana, kama lami juani. Kila tani ya tope iliyotua iliishusha sakafu kidogo, na kushuka huko kukafanya nafasi ya tani nyingine. Ndiyo maana bakuli la kilomita 4 linaweza kupokea kilomita 10 na bado likabaki na maji juu.

Sasa tuje kwa mchukuzi. Unasema tope la Sabaki linaishia hapa hapa, na kwa leo umesema kweli. Wakati wa kaskazi maji ya kahawia yanashuka hadi ghuba ya Malindi, na kusi ikivuma yanasukumwa juu kuelekea Ngomeni. Ushahidi wake umeandikwa hata ndani ya matumbawe. Watafiti walitoboa tumbawe moja kubwa katika hifadhi ya bahari ya Malindi, lenye umri wa miaka 300 hivi, wakapima madini ya bariamu katika kila pete ya mwaka, kwa kuwa bariamu huja na udongo wa mto. Kuanzia 1700 hadi 1900 kiwango kilikuwa karibu kile kile. Kuanzia 1910 kikaanza kupanda, na kikaendelea kupanda kadiri mashamba ya bara yalivyofunguliwa. Kwa hiyo malalamiko yenu kuhusu maji machafu yana mizizi ya zaidi ya karne moja, na jembe la bara limo.

Lakini leo si siku zote. Miaka 20,000 iliyopita, wakati barafu nyingi ilikuwa imerundikana kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, yaani pima zaidi ya sitini. Unaweza kuona maana yake bila ramani. Sehemu kubwa unayovulia sasa ilikuwa nchi kavu. Tana na Sabaki hazikuishia Kipini wala kaskazini ya mji wa Malindi. Ziliendelea mbele hadi ukingoni kabisa pale bahari inapoporomoka, zikamwaga mizigo yao mdomoni mwa mteremko. Bahari imepanda na kushuka namna hiyo mara nyingi. Inapopanda, tope linabaki karibu na ufuo. Inaposhuka, linapelekwa ukingoni.

Na likishafika ukingoni halishuki taratibu. Linarundikana, rundo linakuwa refu, halafu siku moja, kwa tetemeko au mafuriko au uzito wake wenyewe, linaporomoka. Linapoporomoka linachanganyika na maji na kuwa mchanganyiko mzito kuliko bahari iliyolizunguka, nao unatambaa chini chini kwenye mteremko kama maji ya mvua yanavyokimbia mtaroni, ila mtaro huo uko ndani ya bahari.

Watu walilishuhudia jambo hili bila kujua wanachokiona. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilitikisa bahari ya kusini mwa Newfoundland, huko Kanada. Nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya Atlantiki zilikatika, jumla 12. Zile za karibu na tetemeko zilikatika papo hapo, hilo halikumshangaza mtu. Lakini zile za mbali zilikatika moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kila moja ya ndani zaidi kuliko iliyotangulia, na ya mwisho ilikatika zaidi ya saa 13 baadaye. Kampuni zilikuwa zimeandika dakika ambayo kila waya ulinyamaza. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing wa Marekani walizichukua dakika hizo wakapiga hesabu: kuna kitu kilikuwa kikikimbia sakafuni, mwanzoni kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Kilikuwa ni mkondo wa tope. Miaka miwili kabla yao, Philip Kuenen wa Uholanzi na Carlo Migliorini wa Italia walikuwa wameshaeleza kwamba mikondo kama hiyo ndiyo inayopanga mchanga wa kilindini. Na kama unadhani haya ni ya wazungu na baridi yao, Januari 2020 mkondo wa namna hii ulitoka mdomo wa mto Kongo ukasafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya Atlantiki, ukakata nyaya za intaneti za Afrika. Watu walikaa bila mtandao kwa sababu ya tope.

Tafadhali fanya jaribio moja, halina gharama. Chukua chupa mbili za lita moja zinazoonyesha ndani, zenye vifuniko. Kila moja itie konzi ya mchanga wa mdomo wa Sabaki, ule wenye kokoto na tope pamoja. Ya kwanza ijaze maji ya bahari, ya pili maji ya bomba. Tikisa sana, weka mezani, angalia. Kokoto zinashuka kabla hujavuta pumzi. Mchanga unafuata, wa chenga kwanza, laini baadaye. Tope linabaki likielea juu kama chai ya maziwa. Baadaye chupa ya maji ya bahari itakuwa imetulia na kuwa safi juu, huku ile ya maji ya bomba bado ikiwa na ukungu, kwa sababu chumvi hukusanya chembe za tope zikashikana na kuwa nzito. Ukiangalia ubavu wa chupa utaona kitanda kimoja, yaani tabaka moja: chini mchanga wa chenga, juu laini. Mwanajiolojia akikuta kitanda hicho ndani ya jiwe, kigumu kama saruji, anajua papo hapo kwamba mkondo wa tope ulipita, ukachoka, ukatua.

Ukiwa Marafa kwenu, pita Nyari, lile korongo la kuta za rangi, baada ya mvua. Usiangalie kuta ambazo watalii hupiga picha. Angalia miguuni. Kila kijifereji kilichochimba ukuta kimeacha kwenye tambarare rundo la mchanga lililofunguka kama upepeo wa ukili unaopepelea jiko la makaa: wa chenga karibu na mdomo wa mfereji, laini pembeni. Chini ya mteremko wa bahari ziko pepeo za namna hiyo, ila upana wake ni kilomita makumi hata mamia. Lakini mchanga wa Nyari wenyewe ni wa nchi kavu, uliletwa na mito. Nilipokuwa mwanafunzi nilibeba jiwe la Nyari kwenye mfuko wa kiroba hadi maabara nikijua nimepata bahari kuu. Mwalimu alilivunja kwa vidole akaniuliza kama nimekuja na ukwaju. Na jiwe la matumbawe linalojengewa Lamu na lililo chini ya mji wa Malindi nalo si la kilindini. Ni mwamba wa bahari ya kina kifupi, karibu miaka 125,000, wakati bahari ilipokuwa juu kidogo kuliko sasa.

Baina ya mkondo mmoja na mwingine kuna kimya kirefu. Katika kimya hicho kilindini kunanyesha mvua ya vumbi: magamba ya viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho, wanaoishi juu kwenye mwanga na kuzama wakifa, pamoja na vumbi la upepo. Watu wengi hudhani mvua hiyo ndiyo iliyojaza kila kitu. Piga hesabu. Kwa mwendo wa sentimita 1 kila miaka 1,000, miaka milioni 100 inakupa kilomita 1 tu. Zilizobaki ni kazi ya mto na maporomoko. Ila vumbi hilo ndilo saa yetu, maana viumbe hao walibadilika umbo zama kwa zama, na kwa kuyatazama magamba yao chini ya darubini tunajua kitanda fulani ni cha miaka mingapi.

Hapo ndipo ninapomjibu sheikh, kwa heshima zote. Imani yake siigusi. Naongea na mawe tu. Gharika moja ingetuachia kitanda kimoja kama kile cha chupa, chenye chenga chini na laini juu, basi. Tunachokuta ni vitanda juu ya vitanda, maelfu, na katikati ya kila viwili kuna tope lenye vishimo vya minyoo. Mnyoo hachimbi nyumba wakati gharika inapita. Alihitaji utulivu wa miaka mingi, kisha mkondo mwingine ukaja ukamfunika.

Mashapo hayo hayakulala kimya hata baada ya kutua. Mzigo ulipokuwa mkubwa mno, sehemu nzima ya mwambao iliteleza juu ya tabaka laini la tope lililo chini kabisa, ikaelekea baharini. Sukuma jamvi kwa mguu hadi ligonge ukuta, utaona linavyojikunja upande wa mbele. Mikunjo ya namna hiyo imezikwa mbele ya Lamu, mamia ya kilomita kwa urefu, na nahodha anayepita juu yake haoni ila bluu.

Tunayaonaje basi? Zile meli unazokutana nazo zikivuta nyaya ndefu, mkiambiwa msogeze nyavu, zinapiga sauti kuelekea chini na kusikiliza mwangwi wa kila tabaka. Na mwaka 1972 meli ya utafiti Glomar Challenger ilitoboa sakafu mbele ya pwani ya Kenya, kwenye maji ya kilomita 4 hivi, ikashuka zaidi ya kilomita moja ndani ya mashapo hadi kwenye tope la zama za dinosaria.

Sasa dalali wako. Mashapo mazito hayana maana ya mafuta. Mafuta yanataka tope lenye mabaki ya viumbe, lipikwe kwa joto la kina kwa kiasi, lisiungue. Yanataka mwamba wenye matundu wa kuyapokea. Yanataka kifuniko juu yake kisichovuja. Na yote hayo yapangane kwa wakati. Kimoja kikikosekana, umechimba bure. Kisima kilichimbwa kisiwani Pate mwanzoni mwa miaka ya 1970, kingine kiitwacho Simba baharini mwaka 1978, cha Mbawa mwaka 2012 kikaonyesha gesi, cha Sunbird mwaka 2014 kikakuta mafuta ndani ya mwamba wa matumbawe wa kale uliozikwa. Hizo ni kazi za fedha nyingi mno, za kampuni zenye meli zile. Mpaka naandika haya hakuna hata kimoja kilichofika kuuza mafuta. Kama wao wamebeba vyombo hivyo vyote wakarudi mikono mitupu, mtu mwenye pikipiki na mkoba atapima nini shambani kwenu?

Tena kisheria, chini ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Petroli ya 2019, mafuta yaliyo ardhini si ya mwenye shamba. Yako mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Mwenye kibali cha kutafuta ndiye anayelipa, na haji kuomba pesa ya kupimia. Ninachohofia mimi si pesa hiyo tu. Shamba la urithi mara nyingi hati yake bado ina jina la marehemu, na karatasi ya kupimiwa ikishatiwa sahihi na ndugu mmoja inaweza kugeuka karatasi ya kuuza. Kusanya ndugu, nendeni pamoja ofisi ya ardhi ya kaunti mkatafute rekodi, na kama kuna karatasi mmeshasaini, mwone wakili wiki hii hii, uso kwa uso. Hilo mimi siwezi kulimaliza kwa maandishi.

Na ule utando. Asubuhi kabla watu hawajachota, teka ndoo taratibu, iache itulie, kisha gusa utando kwa ncha ya kijiti. Ukivunjika vipande vyenye kona kama kioo na vikabaki vimeachana, ni kazi ya bakteria wanaokula chuma. Udongo mwekundu wa upande wenu una chuma tele, na aghlabu utaona pia tope la rangi ya kutu kwenye ukuta wa kisima. Ukijifunga tena na kuzunguka kijiti, hayo ni mafuta kweli, ila kabla ya kushangilia kagua pampu, jenereta, na mahali mnapoweka dumu la dizeli. Ukisikia harufu ya mafuta ya taa, acheni kunywa maji hayo na mpeleke sampuli kwenye maabara ya maji. Lakini mtu asishuke kisimani kunusa wala kuangalia, hata kama amefungwa kamba. Hewa mbaya ya chini ya kisima haina rangi, na nyingine haina harufu. Ndoo inatosha.